Barua Kutoka Ugenini: Watoto Wanaosoma Hadi Usiku

Wapendwa akina mama,

Tunawasalimu tena kutoka Korea ya Kusini. Katika barua zilizopita tuliwaandikia juu ya baridi ya huku, na juu ya nyumba ambazo sakafu zake hupashwa moto kutoka chini, hata mtu akatamani kulala sakafuni kuliko kitandani. Baadhi yenu mmeuliza: "Mbona hamsemi habari za kazi yenu? Mnawafundisha nini watoto wa watu, nao wana tabia gani?" Swali hilo ni la haki. Mwezi huu tutalijibu, na katika kulijibu tutaeleza pia jambo ambalo limetusumbua moyoni kwa muda sasa. Linamhusu kila mama mwenye mtoto shuleni, awe anaishi Daegu au Dodoma.

Jinsi tulivyofika huku

Kwa wasomaji wapya, tueleze kidogo. Sisi ni mke na mume, wazaliwa wa Afrika Mashariki, ambao baada ya kuishi Kanada miaka mingi tulipata uraia wa huko. Tunalitaja jambo hili mapema kwa sababu maalumu. Viza ya mwalimu wa Kiingereza nchini Korea, ile inayoitwa E-2, kwa kawaida hutolewa kwa raia wa nchi 7 tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Tena mwombaji ni lazima awe na shahada ya chuo kikuu na cheti cha kuonyesha kwamba hana rekodi ya uhalifu, na akifika hupimwa afya.

Kwa hiyo, mama, wakala akibisha hodi kwako akitaka fedha ili ampeleke kijana wako mwenye pasipoti ya Kenya au ya Tanzania akafundishe Kiingereza Korea, mwulize kwanza ni kwa viza gani. Zipo njia za halali za kuja huku kusoma, na zipo kazi nyingine, lakini mlango huo wa ualimu wa Kiingereza haujafunguliwa kwa pasipoti hizo. Usiuze ng'ombe wala kipande cha shamba kwa ahadi ya namna hiyo.

Tunafanya kazi katika hagwoni. Hagwoni ni shule ya binafsi ya masomo ya ziada, yaani tuisheni, ambayo mtoto huiendea akishatoka katika shule yake ya kawaida. Ziko hagwoni za Kiingereza, za hesabu, za piano, za kuchora na za taekwondo. Jengo moja la ghorofa sita laweza kuwa na hagwoni karibu kila ghorofa, na chini kabisa duka la mikate. Ifikapo alasiri, mabasi madogo ya rangi ya manjano hupanga foleni mbele ya majengo hayo, yakishusha watoto na kupakia wengine.

Mmoja wetu hufundisha asubuhi, watoto wa chekechea. Mwenzake huanza saa 8 mchana akamaliza saa 3 usiku. Hivyo binti yetu Neema, mwenye umri wa miaka 7, hakosi mzazi wa kumpokea anapotoka shule ya msingi ya mtaa.

Mama Fulani wa Korea

Jambo la kwanza lililotufanya tujisikie nyumbani ni majina. Mwanamke wa Korea akiolewa habadili jina la ukoo wake. Hubaki na la kwao mpaka kufa. Lakini akishazaa, majirani ni kama wamelisahau jina lake mwenyewe. Mwanawe akiitwa Min-su, yeye huwa "Min-su omma," maana yake Mama Min-su. Na mumewe huwa "Min-su appa."

Siku ya tatu tangu tuhamie, bibi mmoja wa mlango wa pili alitugongea akiwa ameshika bakuli la kimchi kwa mikono miwili. Hakuuliza majina yetu. Aliuliza la mtoto. Tangu siku hiyo, katika ngazi na katika lifti, sisi ni Neema omma na Neema appa. Tulisafiri maelfu ya kilomita kuja kuitwa vilevile tulivyoitwa nyumbani!

Heshima nayo si ngeni. Mtoto humwinamia mkubwa. Kitu kitokacho kwa mkubwa hupokewa kwa mikono miwili. Mezani, mdogo hashiki kijiko kabla mkubwa hajakishika chake. Lugha yenyewe ina namna moja ya kusema na aliyekuzidi umri na namna nyingine ya kusema na rika lako. Hii ndiyo sababu mtu mkikutana tu hutaka kujua una miaka mingapi. Aliyelelewa katika shikamoo na marahaba hahitaji kufundishwa mambo hayo mara mbili.

Darasani

Sasa tuingie darasani. Watoto huvua viatu mlangoni wakavaa ndara, kisha huingia na kuchukua jina jipya. Katika hagwoni nyingi za Kiingereza kila mtoto hupewa jina la Kizungu. Nje ya mlango yeye ni Min-su. Akiketi tu anakuwa Kevin. Mama zetu na bibi zetu waliopewa majina mapya siku ya kwanza ya shule wataelewa vizuri jambo hili.

Kikorea hakina sauti ya f wala ya z. Kwa hiyo mtoto akisema "fish," linatoka "pishi," nasi huweka kidole mdomoni na kupuliza pamoja nao mpaka darasa zima linacheka. Herufi yao moja hubeba sauti za r na l pamoja, na hapo twakumbuka ndugu zetu wengi ambao nao kura na kula kwao ni jambo moja. Tena Wakorea, kama sisi, hawapendi neno la kigeni liachwe limening'inia mwishoni. Hulifunga kwa vokali. Sisi tunasema basi, keki na juisi. Wao husema beoseu, keikeu na juseu. Siku tulipowaandikia ubaoni maneno hayo pande mbili, ya kwao na ya kwetu, walipiga makofi. Walikuwa wamedhani kwamba ni wao peke yao duniani wanaokiharibu Kiingereza.

Mwandiko wao ni kitu cha kusifiwa. Mfalme Sejong ndiye aliyeutangaza mwaka 1446, akisema wazi kwamba watu wa kawaida walikuwa na mambo ya kusema lakini hawakuweza kuyaandika kwa herufi za Kichina. Leo una herufi 24 tu. Nasi tuliweza kusoma vibao vya maduka baada ya wiki moja, ingawa tulikuwa hatujui maana ya tulichokisoma! Tuliwakumbuka akina mama waliokwenda madarasa ya watu wazima jioni, vitoto vikiwa mgongoni, ili waweze kuandika majina yao.

Masomo ya usiku

Hadi hapo mambo ni mazuri, na mtu aweza kudhani kwamba kazi yetu ni kucheka na watoto. Lakini hebu tuwaonyeshe upande wa pili.

Takwimu za serikali zinasema kwamba mwaka 2024 wazazi wa Korea ya Kusini walitumia won trilioni 29.2 kwa masomo ya ziada, na kwamba kati ya kila wanafunzi 100, wanafunzi 80 walihudhuria masomo hayo. Hao ni wa shule za msingi na sekondari. Wale wadogo wa chekechea za Kiingereza huhesabiwa kando. Uchunguzi wa serikali wa mwaka huohuo 2024 ulionyesha kwamba mzazi anayempeleka mtoto huko hulipa kwa wastani zaidi ya won milioni 1.5 kila mwezi. Fedha hizo ni zaidi ya nusu ya mshahara wa mmoja wetu, na zinalipwa kwa ajili ya mtoto mmoja ambaye hajaanza darasa la kwanza.

Katika jiji la Seoul kuna amri kwamba hagwoni zifungwe saa 4 usiku. Fikiri, mama: serikali imelazimika kutunga amri ili watoto warudi nyumbani saa 4 usiku! Mwaka 1980 serikali ya wakati ule ilipiga marufuku tuisheni kabisa, lakini wenye fedha waliendelea kwa siri, na mwaka 2000 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba katazo hilo lilipingana na katiba. Hata kwetu tumeona jambo linalofanana na hilo: Kenya ilikataza tuisheni za likizo kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, na kila mama anajua kama ziliisha au hazikuisha.

Yote haya yanaelekea siku moja. Kila mwaka katika mwezi wa Novemba, siku ya Alhamisi, wanafunzi wanaomaliza sekondari hufanya mtihani wa taifa wa kuingia chuo kikuu. Siku hiyo ofisi nyingi huchelewa kufunguliwa ili barabara ziwe wazi. Mwanafunzi aliyechelewa hupakiwa kwenye pikipiki ya polisi. Na wakati wa sehemu ya kusikiliza Kiingereza, yapata saa 7 mchana, ndege haziruki wala hazitui nchi nzima kwa muda wa dakika 35 hivi, ili ngurumo zisimpotezee mtoto hata neno moja.

Akina mama nao wana kazi yao. Supu ya mwani, ambayo mzazi hupewa akijifungua na ambayo kila mtu hunywa siku yake ya kuzaliwa, siku ya mtihani haipikwi, kwa sababu mwani huteleza na mtoto asije akateleza. Badala yake hupewa peremende na keki za mchele zenye kunata, ili naye anate chuoni. Makanisani na katika mahekalu ya Kibuda utawakuta akina mama waliosali siku 100 mfululizo kabla ya mtihani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na katika hilo hakuna tofauti ya bara wala rangi.

Akina mama na maji ya figili

Msidhani kwamba jambo hili lilianza jana. Iko habari maarufu ya mwaka 1964. Wakati huo hata kuingia shule ya kati kulikuwa kwa mtihani, na shule bora za Seoul ziligombewa vikali. Swali moja la mtihani liliuliza ni kitu gani kinaweza kutumika badala ya kimea katika kutengeneza peremende ya jadi. Watahini walitaka jibu moja tu, jina la kitaalamu la kimeng'enya. Watoto wengine walichagua maji ya figili, kwa maana kitabu chao cha shule kilisema kwamba figili nayo ina kimeng'enya hicho. Wakahesabiwa wamekosa.

Lo! Akina mama hawakukaa kimya. Waliingia jikoni, wakatengeneza peremende kwa maji ya figili, wakaibeba pamoja na sufuria mpaka mbele ya ofisi za elimu, wakawaambia wakubwa waionje. Jambo lilifika mahakamani, na mwaka 1965 watoto 38 walipata nafasi katika shule waliyonyimwa. Miaka michache baadaye, kuanzia mwaka 1969, mtihani huo wa kuingia shule ya kati ulianza kufutwa.

Tunaipenda habari hii kwa sababu mbili. Kwanza, inaonyesha kwamba jiko la mama laweza kuwa mahali pa ushahidi. Pili, inatuonya tusiwahukumu akina mama hawa haraka. Nchi yao ilitoka katika vita vya mwaka 1950 hadi 1953 ikiwa magofu matupu. Haikuwa na mafuta wala dhahabu ya kutosha. Walichokuwa nacho ni watoto na vitabu, na kwa hivyo walijiinua. Nani atamlaumu bibi aliyelala na njaa ili mwanawe asome?

Lakini dawa ikizidi hugeuka sumu. Iko familia ambayo baba amebaki Korea akifanya kazi peke yake, na mama amekwenda na watoto ng'ambo ili wajue Kiingereza. Baba huyo huitwa "baba bukini," naye huwafuata mara moja au mbili kwa mwaka kama ndege wa kuhama. Jina hilo linachoma moyo, kwa maana bata bukini wawili wa mti ndio wanaowekwa katika harusi ya jadi kuwa ishara ya mke na mume wasioachana. Na wako vijana wengi ambao wakiulizwa kwa nini hawazai, hutaja gharama za nyumba na za masomo. Mwaka 2023 hesabu ya uzazi ilishuka hadi watoto 0.72 kwa kila mwanamke, na mwaka 2024 ikapanda kidogo tu kuwa 0.75. Maana yake ni kwamba wanawake 4 kwa pamoja hujaliwa watoto 3 tu.

Mama aliyekuja mlangoni

Tuna mwanafunzi wa darasa la kwanza ambaye tutamwita Jun-ho, ingawa si jina lake. Hutoka shule saa 7 mchana, akaenda taekwondo, kisha hesabu, kisha kwetu kuanzia saa 10 jioni mpaka saa 12. Akifika nyumbani ana kazi za kuandika za kila mahali alikopita. Siku moja alilala juu ya daftari, penseli ikiwa bado mkononi. Wenzake hawakumcheka. Kila mmoja wao alikuwa amewahi kulala hapo.

Jioni moja mama yake alikuja mlangoni, bado amevaa sare ya kazini, akainama, akatushukuru, kisha akaomba jambo moja: tumwongezee mtoto kazi za nyumbani. Kulikuwa na mtihani wa kuingia hagwoni nyingine yenye sifa zaidi, naye aliogopa mwanawe angeachwa nyuma.

Hapa inafaa mjue kwamba msimamizi wetu alikuwa ametuagiza waziwazi: mzazi aambiwe mema tu. Mzazi aliyefurahi hulipa ada, naye aliyehuzunika huhamia jengo la pili. Na mkataba wetu ni wa mwaka mmoja mmoja. Nyumba tunayolala ni ya kazi, na viza yetu imefungwa katika kazi hiyohiyo. Tulilizungumza jambo hilo usiku kucha, Neema akiwa amelala chumba cha pili. Tulijiuliza: kama angekuwa ni Neema anayelala juu ya daftari, tungependa mwalimu wake atuambie nini?

Basi tulimwita yule mama, tukimwomba mwalimu mwenzetu wa Kikorea atufasirie. Tulimwambia kwamba mwanawe ni mwerevu na ana moyo mwema. Kisha tukamwambia kwamba analala darasani karibu kila siku, na kwamba asichokijifunza akiwa amechoka hatakijifunza kwa kuongezewa kurasa. Tukamwambia anahitaji usingizi kabla ya kazi nyingine yoyote.

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema neno ambalo hatujalisahau: "Mwalimu, nikimtoa, atacheza na nani? Nendeni uwanja wa michezo saa 10 jioni mkatazame. Hakuna mtoto hata mmoja. Wote wako huku." Akaongeza kwamba mama mkwe wake huuliza kila Jumapili mjukuu amefikia kitabu cha ngapi. Akafuta machozi kwa kiganja, akainama tena, akaenda.

Tulikwenda uwanjani kutazama, kama alivyosema. Bembea zilikuwa nzuri, zimepakwa rangi mpya, na juu yake alikaa paka.

Wiki iliyofuata mama huyo alipunguza siku za mwanawe kwetu kutoka 5 hadi 3. Ada nayo ilipungua, na msimamizi akatuita ofisini. Hakutufokea, alitabasamu tu, akasema atafikiri kama mkataba wetu utaendelea baada ya Februari. Kwa sheria ya nchi, anayetimiza mwaka kazini hulipwa kiinua mgongo cha karibu mshahara wa mwezi mmoja, nasi tunahesabu siku kwa makini. Tunapowaandikia barua hii bado hatujajibiwa. Ila Jun-ho alitueleza, kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, kwamba siku ya Jumanne alichimba shimo kwa kijiko, na kwamba shimo hilo ni kubwa sana. Hatukuwa tumemsikia akisema sentensi ndefu kama hiyo.

Na nyumbani kwetu je?

Ni rahisi kumshauri mama wa mwenzako. Mwezi uleule Neema alitujia akilalamika: "Rafiki zangu wote wana hagwoni. Mimi kwa nini sina?" Tulielewa alichokuwa akikililia. Alililia wenzake, wala si masomo. Basi tulimwandikisha taekwondo siku 3 kwa wiki, si kwa sababu tunataka ajue kupiga mateke, bali kwa sababu huko ndiko watoto walikojificha. Siku zilizobaki ni zake.

Lakini tuligundua pia jambo lingine. Watu hapa wanauza hata pumziko la watoto wao ili wapate Kiingereza, ambacho Neema anacho bila kulipia shilingi. Kikorea anakiokota shuleni. Kinachomponyoka ni Kiswahili. Bibi yake alipopiga simu, mtoto alimjibu "yes," kisha akaishiwa maneno. Bibi alisema, "Mjukuu wangu amekuwa mgeni." Maneno hayo yalituuma kuliko ya msimamizi. Sasa kila jioni, nusu saa kabla ya kulala, nyumba hii husema Kiswahili tupu: hadithi ya sungura, majina ya vyakula, salamu za wakubwa. Juma lililopita alimwambia bibi shikamoo bila kusukumwa, na bibi akaitikia marahaba mara tatu.

Kwenu mlio nyumbani

Wapendwa, hatuandiki haya ili muwacheke Wakorea, wala ili mtoto aachwe azurure bila kusoma. Nasi tulifika hapa kwa sababu ya kusoma. Lakini tunaona basi la shule likipita Nairobi na Dar es Salaam saa 11 alfajiri, kitoto kimeegemeza kichwa kioo cha dirisha, na twafahamu kwamba njia ni ileile. Kwa hiyo tunawaomba mfikiri mambo haya, mkiyazungumza na akina baba.

Hesabuni saa za usingizi za mtoto kabla ya kuhesabu alama zake. Mtoto wa darasa la kwanza anayelala saa 4 usiku na kuamshwa saa 10 alfajiri hana deni la masomo. Ana deni la usingizi, na deni hilo hulipwa darasani.

Mwulizeni mwalimu swali ambalo anaogopa kulijibu. Msimwulize tu "Amekuwa wa ngapi?" Mwulizeni, "Je, huchoka? Hucheka? Ana rafiki?" Mwalimu akikuambia jambo lisilopendeza, usimchongee kwa mkuu wake. Huenda amehatarisha mkate wake ili akuambie.

Msiogope kuwa wa kwanza. Yule mama alisema kweli: uwanja ni mtupu kwa sababu kila mama anamngojea mwenzake. Akina mama wawili au watatu wa mtaa mmoja wakipatana kwamba Jumatano alasiri watoto wao hawaendi tuisheni, tayari kuna timu ya kuruka kamba.

Na Kiingereza kisifukuze lugha ya bibi. Mtoto aweza kubeba lugha mbili na hata tatu. Tunawaona kila siku. Kinachomlemea ni kuambiwa kwamba ile aliyonyonya nayo haina thamani.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutawaeleza jinsi bibi wa mlango wa pili anavyotukusanya mwezi wa Novemba, wanawake wa ngazi nzima, kusindika kabichi za kimchi za majira yote ya baridi. Kama tutakuwa tumeshafunga mizigo, mtaipata habari hiyo kutoka kwingine. Tuombeeni, na msalimieni kila mama anayemngoja mtoto barabarani jioni hii.

Wenu katika ugenini,
Mama na Baba Neema